Anayeusifia mvinyo wa Ufaransa aanze shambani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma hadi mwisho makala yenu kuhusu mvinyo wa Ufaransa, na ninaomba nafasi niijibu. Mwandishi wenu anasema sifa ya mvinyo huo imeletwa na matangazo, majina ya kifahari na matajiri wanaopandishiana bei kwenye minada. Akataja bei za chupa, akataja wafalme na waigizaji wa filamu, akamaliza. Katika ukurasa mzima hakuna mkulima hata mmoja, wala udongo, wala mkasi wa kupogolea. Mimi ni kibarua wa mizabibu hapa Beaune, mkoa wa Bourgogne, mashariki ya Ufaransa. Kazi yangu ni kupogoa wakati wa baridi, kupunguza machipukizi joto linapoanza kurudi, na kuvuna mwezi wa Septemba. Sehemu ya haya ninayoyaandika nayashika kwa mikono yangu. Mengine nimeyapata kwa wenye mashamba na kwa kusoma, kwa kuwa nilitaka kuielewa kazi inayonilisha.

Najua wasomaji wenu wengi hawanywi mvinyo, kwa dini au kwa hiari yao, na ninawaheshimu. Simshawishi mtu anywe. Ninaandika juu ya kilimo, na juu ya sheria iliyofanya jina la kijiji kidogo liwe mali ya wakulima wake.

Kati ya Dijon na Beaune kuna barabara iitwayo D974, na sisi tunaofanya kazi huku huiona kama mpaka. Mashariki yake ni tambarare. Magharibi yake ardhi inapanda taratibu mpaka kwenye msitu ulio juu ya kilima. Sehemu kubwa ya mizabibu iliyo chini ya barabara hutoa mvinyo unaoitwa Bourgogne tu, jina la mkoa mzima. Vuka barabara, panda kidogo, umeingia kwenye ardhi yenye haki ya kubeba jina la kijiji: Gevrey-Chambertin, Chambolle-Musigny, Vosne-Romanée. Endelea kupanda utakuta vipande vya daraja la Premier Cru, na katikati ya mteremko, kwenye vijiji vilivyobahatika, Grand Cru, daraja la juu kabisa. Ukizidi kusogea msituni hadhi inashuka tena, kwa sababu huko udongo ni mwembamba na baridi ni kali. Matembezi yote hayo hayafiki nusu saa. Mmea ni uleule, Pinot Noir, na wanaoupogoa ni watu walewale.

Tofauti inatoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye maji. Chini ya barabara udongo ni mzito na wa kina. Mvua ikinyesha maji yanatuama, na siku ya kupogoa matope yanaganda kwenye buti mpaka mguu unakuwa mzito kuunyanyua. Katikati ya mteremko buti linakanyaga mawe, unayasikia yakigongana. Ni mawe ya chokaa yaliyochanganyika na mfinyanzi, na maji ya mvua hupenya katikati yake yakaenda zake. Mzabibu uliopandwa hapo hauna maji ya kusubiri karibu, kwa hiyo unashusha mizizi kwenye nyufa za mwamba. Kuumwagilia hairuhusiwi. Mteremko wenyewe unatazama mashariki, jua la asubuhi linaupiga mapema na kukausha umande kabla kuvu haijapata nafasi. Mzabibu unaoishi hivyo hutoa vichala vidogo vyenye punje ndogo, na punje ikiwa ndogo ganda lake ni kubwa ukilinganisha na maji yaliyomo. Rangi, na ule ukakasi wa tanini unaouwezesha mvinyo mwekundu kukaa miaka mingi ndani ya chupa, hutoka kwenye ganda hilo.

Mambo haya yalijulikana kabla hakujawa na maabara. Watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima mteremko huu kwa karne nyingi, wakatenganisha kipande na kipande kwa kuonja walichovuna. Ukuta wanaohusishwa nao unaozunguka Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi, upo hadi leo. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya aina ya Gamay ing'olewe kwenye himaya yake, kwa kuwa iliwavutia wakulima kwa wingi wa mavuno huku ikitoa mvinyo aliouona hafifu. Nawaomba mlitazame jambo hilo vizuri: zaidi ya karne 6 zilizopita tayari kulikuwa na mtawala aliyekataza wingi ili kulinda sifa ya mahali. Leo vipande hivi, kila kimoja na jina lake na mipaka yake, vinahesabiwa kuwa 1,247, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kipande kimojawapo ni Romanée-Conti, ambacho mwandishi wenu alikitolea mfano wa bei ya kichaa. Bei ni ya kichaa kweli, sibishi. Lakini hakuandika kwamba shamba hilo lina hekta 1.8 tu, na kwamba hakuna fedha inayoweza kuliongeza hata mita moja. Jirani yake akivuna zabibu nzuri namna gani, hawezi kuandika jina hilo kwenye chupa yake. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Heshima ya mvinyo wa Ufaransa imejengwa juu ya jina la mahali, na juu ya watu waliokataa jina hilo liwe la kila mtu.

Kazi yenyewe mwandishi wenu angeiona Januari. Kwenye hekta moja tuna miche karibu 10,000, mita moja kati ya mche na mche, na mita moja hivi kati ya mstari na mstari. Ni karibu karibu mno hata trekta zinazotumika huku zimeinuliwa juu ya miguu mirefu ili zipite juu ya mizabibu badala ya pembeni yake. Unasimama mbele ya mche mmoja, umejaa matawi ya mwaka uliopita, na unatakiwa uamue. Tawi lipi libaki refu lizae mwaka huu? Lipi likatwe fupi, libakizwe macho mawili ya kuchipua, litoe tawi la mwakani? Mengine yote yanaondoka. Kanuni ya jina la mvinyo inaweka idadi ya macho yanayoruhusiwa kubaki kwenye mche, na mwenye shamba ninayemfanyia kazi hupita nyuma yetu jioni akihesabu. Ukiacha macho mengi mche utazaa vichala vingi vya maji maji. Lazima pia uangalie njia ya utomvu, makovu ya mkasi yasizunguke shina pande zote, la sivyo mche unakauka taratibu kwa ndani na kufa ukiwa bado kijana. Yaliyokatwa tunayachoma palepale, ndani ya toroli lililotengenezwa kwa pipa la mafuta lililopasuliwa, na moto huo ndio unaorudisha uhai kwenye vidole. Halafu unasogea mita moja, unaanza upya na mche mwingine.

Kwa nini mtu aendelee na taabu hiyo wakati angeweza kupanda miche michache, kuiacha izae, na kuuza lita nyingi? Kwa sababu ana jina la kulinda, na jina hilo lina sheria. Sheria hiyo, Ndugu Mhariri, haikutoka kwa wafalme wala kwa wapambe wa matangazo. Ilidaiwa barabarani.

Miaka ya 1860 mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, filoksera, aliingia kusini mwa Ufaransa pamoja na miche iliyoletwa kutoka Amerika Kaskazini. Hushambulia mizizi. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, profesa wa Montpellier, na wenzake walifukua mizabibu iliyokuwa ikifa bila sababu kujulikana, wakamkuta mdudu huyo akiwa amejazana mizizini. Katika miongo iliyofuata aliteketeza sehemu kubwa ya mizabibu ya nchi. Dawa iliyofaa mwishowe ilikuwa kubebesha: tawi la mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake inamstahimili. Miche ninayoipogoa imebebeshwa hivyo, na uvimbe wa maungio unaonekana juu kidogo ya ardhi.

Mizabibu ilikufa, wanywaji hawakufa. Wafanyabiashara wakaziba pengo kwa sukari, kwa maji, kwa zabibu kavu zilizolowekwa, na juu yake wakabandika jina lolote lililouzika. Mashamba yalipofufuka, mkulima wa kweli alikuta soko limejaa na bei imeanguka. Bunge lilipitisha sheria dhidi ya udanganyifu wa bidhaa mwaka 1905, lakini haikutosha. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, wakiongozwa na Marcelin Albert, mtu wa kijiji cha Argeliers, waliandamana mji baada ya mji. Tarehe 9 Juni mamia ya maelfu walijazana Montpellier. Baadaye mwezi huohuo jeshi lilifyatua risasi Narbonne, watu wakauawa, na askari wa kikosi cha 17, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima wa eneo hilohilo, wakaasi. Kabla mwezi haujaisha bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya dhidi ya kuongeza maji na sukari kwenye mvinyo.

Miaka 4 baadaye ikawa zamu ya Champagne, eneo la mvinyo wenye povu. Wakulima wa bonde la Marne walikuwa wamechoshwa na kampuni zilizoleta zabibu na mvinyo kutoka mbali, zikautia povu na kuuza kwa jina la Champagne. Mwaka 1911 walivamia magari ya mizigo, wakamwaga mvinyo mtoni, na mwezi wa Aprili katika mji wa Aÿ majengo yalichomwa moto. Wakati huohuo wenzao wa Aube, waliokatwa nje ya mpaka wa Champagne, waliandamana kudai warudishwe ndani. Walikubaliwa kikamilifu mwaka 1927. Mtu anayesema Champagne ni jina la matangazo tu akumbuke kwamba kuna watu waliokabiliana na wanajeshi kwa sababu ya mstari kwenye ramani.

Funzo la fujo hizo lilikuwa kwamba mpaka peke yake hautoshi. Aliyelifanyia kazi vizuri zaidi ni Baron Pierre Le Roy de Boiseaumarié, mwanasheria aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, akaja kulima Châteauneuf-du-Pape, kusini, karibu na Avignon. Wakulima walimwomba awaongoze, na kuanzia mwaka 1923 waliandika kanuni zao. Ardhi inayokubalika iwe kavu na duni kiasi cha kuota mrujuani na zaatari. Aina za zabibu zitajwe kwa majina. Zabibu mbovu zichambuliwe na kutupwa wakati wa mavuno. Nguvu ya mvinyo isishuke chini ya asilimia 12.5. Angalieni kanuni hizo zinambana nani: zinambana aliyeziandika kabla hazijambana mshindani wake. Mahakama ilizikubali, na mwaka 1935 seneta Joseph Capus alisimamia sheria iliyoufanya utaratibu wa aina hiyo kuwa wa nchi nzima, chini ya taasisi ya taifa ya kusimamia majina hayo, ambayo leo inaitwa INAO. Majina ya kwanza yalitambuliwa Mei 1936, yakiwemo Arbois, Cassis, Tavel, Monbazillac, na Châteauneuf-du-Pape yenyewe.

Tangu hapo jina kwenye lebo likawa na masharti nyuma yake: mipaka ya shamba, aina ya zabibu, msongamano wa miche, upogoaji, na kiwango cha juu cha mavuno kwa hekta. Grand Cru nyekundu nyingi za huku hazivuki sana hektolita 35, yaani lita 3,500, kwa hekta, wakati Bourgogne ya kawaida nyekundu inaruhusiwa kupita hapo kwa mbali. Mwenye shamba la Grand Cru akipata mwaka wa neema, hawezi kuvuna bila kikomo akaita vyote kwa jina lile. Mfumo huu una urasimu unaochosha, wakulima wanaulalamikia kila siku, nami nimewasikia. Lakini hakuna hata mmoja niliyemsikia akiomba ufutwe.

Kila eneo limepata njia yake ya kuigeuza hali ngumu kuwa sifa. Champagne iko kaskazini, zabibu zake huiva kwa shida na kubaki na uchachu mkali, usiopendeza kwenye mvinyo wa kawaida. Mvinyo huo ukichachushwa mara ya pili ndani ya chupa, uchachu huohuo ndio unaoubeba. Chupa hulala miezi isiyopungua 15, nyingi zaidi ya hapo, na zile za mwaka mmoja maalumu wa mavuno si chini ya miaka 3. Chini ya jiji la Reims kuna mashimo ya chaki yaliyochimbwa karne nyingi zilizopita, na ubaridi wake usiobadilika ndio unaozitunza. Sauternes, eneo la mvinyo mtamu karibu na Bordeaux, ni kisa kingine, na ndicho kinachonigusa kuliko vyote. Maji ya mto mdogo Ciron ni baridi. Yakikutana na mto Garonne wenye joto zaidi, asubuhi za vuli hujaa ukungu, na ukungu huleta kuvu juu ya zabibu. Mahali pengine hiyo ni hasara tupu. Huko mchana jua hukausha, kuvu inatoboa ganda, maji yanatoka na utamu unabaki. Wavunaji hupita shamba lilelile tena na tena, wakichagua punje zilizosinyaa tu, na kwenye Château d'Yquem, shamba maarufu la huko, husemwa kwamba mche mmoja hutoa gilasi moja. Mwaka 2012 walipoona zabibu hazikufikia kiwango, Yquem hawakutoa kabisa mvinyo wa mwaka huo kwa jina hilo. Sijui tangazo lipi linaweza kushinda uamuzi kama huo.

Kwenye Bordeaux, kusini magharibi, sitakaa sana, kwa sababu ndiyo ambayo kila mtu anaiandika. Madaraja yake maarufu ya mwaka 1855 yaliandikwa na madalali kwa ajili ya maonyesho ya Paris, wakitumia bei za sokoni, na tangu mwaka 1973, jumba la Mouton Rothschild lilipopandishwa, hayajaguswa tena. Tena yanapanga majumba ya mvinyo, si udongo: jumba likinunua shamba la jirani ndani ya eneo lilelile la jina, shamba hilo linaweza kupanda hadhi pamoja na mwenyewe. Hapo nakubaliana na mwandishi wenu kuliko anavyodhani. Changarawe ya Médoc, sehemu mojawapo ya Bordeaux, inayopitisha maji na kutunza joto la mchana kwa ajili ya Cabernet Sauvignon, ni sababu ya kweli ya ubora. Lakini orodha ya mwaka 1855 ni picha ya soko la enzi ile, na Saint-Émilion nzima, sehemu nyingine ya Bordeaux, haimo.

Wala sitetei kila chupa yenye neno Ufaransa. Clos de Vougeot niliyoitaja ina wamiliki karibu 80, kwa sababu mali ya kanisa iliuzwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa na baadaye urithi ukagawanywa na kugawanywa. Shamba zima ni Grand Cru, kuanzia juu penye ngome ya watawa hadi chini karibu na barabara, ambako, niwaambie kwa niliyoyaona, matope ni yaleyale ya tambarare. Wengine humo wanafanya kazi ya kupendeza na wengine wanaishi kwa jina la ukuta. Kwa hiyo anayenunua asome jina la shamba, halafu asome kwa makini zaidi jina la aliyelilima. Halafu kuna onjo la Paris la tarehe 24 Mei 1976, lililoandaliwa na Mwingereza Steven Spurrier: waonjaji wa Kifaransa, bila kuona lebo, waliweka mvinyo wa California kwenye nafasi ya kwanza, mweupe na mwekundu. Sioni aibu kulitaja. Mizabibu iliyoshinda siku hiyo ilikuwa Chardonnay na Cabernet Sauvignon, aina zilizotoka Ufaransa, na waliozilima walikuwa wamejifunza kwa bidii. Ubora unaweza kupatikana kwingi. Na mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilitenga euro milioni 200 kuondoa sokoni mvinyo uliokosa wanunuzi, kwa hiyo asidhani mtu kwamba bendera peke yake inauza.

Kama kuna kisa kinachoonyesha nguvu ya jina la shamba, ni cha Rudy Kurniawan, aliyeuzia matajiri wa Marekani chupa za kale za Bourgogne alizozitengeneza mwenyewe nyumbani kwake. Mwaka 2008 kwenye mnada wa New York zilitokea chupa za Clos Saint-Denis, kipande kimoja cha huku Bourgogne, zenye jina la familia ya Ponsot, za miaka ya 1945 hadi 1971. Laurent Ponsot alisafiri mwenyewe kwenda kuzuia zisiuzwe. Hakuhitaji kuzionja. Familia yake ilianza kutengeneza mvinyo wa kipande hicho miaka ya 1980, kwa hiyo chupa ya mwaka 1945 haikuwezekana kuwepo. Kurniawan alipatikana na hatia mwaka 2013, mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Matajiri walionunua walikuwa na ndimi na fedha, na walidanganyika. Kilichoufichua uongo ni kumbukumbu ya nani alilima kipande gani na lini.

Kumbukumbu hizo huku zinakwenda mbali sana. Beaune kuna orodha ya tarehe za kuanza mavuno inayorudi hadi mwaka 1354. Watafiti walioikusanya walionyesha kwamba tangu mwaka 1988 mavuno yamekuwa yakianza, kwa wastani, takriban wiki 2 mapema kuliko ilivyokuwa kwa karne nyingi. Sisi vibarua tunalijua jambo hilo kwa jasho: sasa kuna miaka tunaanza kukata vichala Agosti, jua likiwa kichwani. Na joto hilo halijaondoa baridi, limeifanya iwe hatari zaidi, kwa kuwa mizabibu inachipua mapema na kukutana na jalidi. Aprili 2021 tulikesha mashambani tukiwasha mishumaa mikubwa ndani ya ndoo za bati, mistari mizima, moshi machoni. Kulipokucha machipukizi mengi yalikuwa yamesinyaa na kuwa ya kahawia. Mavuno ya mwaka huo nchini kote yalikuwa miongoni mwa madogo zaidi katika miongo mingi. Hili linanitia hofu ya kweli. Mfumo uliofunga jina kwenye kipande kimoja cha ardhi hauwezi kuhamisha kipande hicho kukifuata kipupwe. Tayari wenye mashamba wanabishana kama kanuni ziruhusu aina nyingine za zabibu, na Bordeaux wamekwisha kubali kuzijaribu kwa kiasi kidogo. Mjadala huo una uzito kuliko bei ya chupa yoyote, na haukutajwa kwenye makala yenu.

Ombi langu ni hili. Mkirudi kwenye mada hii, mtumeni mwandishi Beaune mwezi wa Novemba, Jumapili ya tatu, siku ya mnada wa Hospices de Beaune. Hiyo ni hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443, ikarithi mashamba ya mizabibu kutoka kwa wafadhili, na tangu mwaka 1859 huuza mvinyo wake kwa mnada, fedha zikienda kwenye matibabu na misaada. Bei za kumshangaza atazipata za kutosha. Ila asiondoke jioni hiyo. Jumatatu akae, apande mteremko kutoka barabara ya D974 hadi msituni, amwombe mwenye shamba yeyote amwonyeshe kanuni ya jina lake ikiwa imeandikwa, kurasa zote, aisome kabla hajaandika neno.

Wenu msomaji,
Kibarua wa mizabibu,
Beaune, Ufaransa